Dawati la Kumi na Saba

Umoja, Nairobi
4 Februari 1996

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa juani, si kitandani. Mama aliniandikia kwamba miguu imevimba tena na kwamba unaukataa uji usio na sukari. Kunywa, Mjomba. Sisi huku tu wazima. Mwanangu Mumo ameota jino la pili na kazi yake ni kuniuma. Maji yalikatika siku tisa, yakarudi Jumapili katikati ya mahubiri, nusu ya kanisa ikatoka mbio kutafuta ndoo.

Kanda yako ya tatu ya masomo ilifika. Kondakta wa basi la Kilungu alikuwa ameitia ndani ya soksi. Akaniambia, "Mwalimu, mzee wako ameniapisha kama shahidi kortini." Jumanne tulifanya kama kawaida: kwanza kipindi cha shule redioni, kisha sauti yako kwenye kaseti, halafu madaftari mkononi na kutoka mtaani. Wiki hii darasa la saba wamepima mtaro wa barabara ya Outer Ring kwa kamba yenye mafundo, na wamemwuliza kila mwenye nyumba wa safu yetu aliongeza vyumba mwaka gani. Ijumaa waliandika na kubandika ukutani. Bwana Nyongesa, mwalimu mkuu wetu wa sasa, hapendi. Asema mtihani hauulizi habari za mitaro. Lakini juzi nilimkuta amesimama mbele ya ukuta ule, anasoma, midomo inacheza.

Kanuni yako ya kulinganisha hati mbili kabla ya kumwuliza mhusika wameishika kama wimbo. Mtu akidai jambo, hata uwanjani, wenzake humjibu: "Karatasi ya kwanza, karatasi ya pili, kisha mtu!" Mama wa maandazi alimlaumu Griffins kwamba amekula mawili, naye akamjibu, "Mathe, hiyo ni karatasi ya kwanza tu."

Sasa nina ombi. Siku ya Wazazi ni mwisho wa muhula wa pili, na watoto wameamua mradi wao mkubwa uwe darasa la kwanza kabisa la shule hii kufanya mtihani, lile la 1979. Darasa lako, Mjomba, ulipokuwa mwalimu mkuu hapa. Na darasa langu mimi. Stoo ina sanduku la bati lenye hati zako. Tunataka kumtafuta kila mtahiniwa, wote arobaini. Utatupa kanda kuhusu mwaka huo?

Mpwa wako,
Wanza


Kilungu
3 Machi 1996

Mpwa wangu Wanza,

Nimezisoma salamu zako mara mbili, na mama yako Ndindi akanilazimisha nimsomee ya tatu. Uji ninakunywa. Ndindi hupanda kilima kila asubuhi na kibuyu chake, akasimama juu yangu kama askari jela mpaka nikimalize. Mvua bado. Daktari asema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi. Nilimwambia wengi waliofanya kazi nami wangeshangaa.

Kanda ya nne na ya tano zimo humu. Wafundishe kuchora ramani kwa hatua za miguu kabla ya kutumia rula.

Kuhusu 1979, sioni faida. Watu wametawanyika. Kumtafuta mtu mzima aliyeshindwa mtihani ni kumtonesha kidonda. Mbona msichukue soko la Kariobangi? Hapo mtoto atajifunza hesabu, usafi, na ufundi wa bati kwa siku moja. Sanduku lile limejaa kinyesi cha panya na watoto wana vifua. Lifunge.

Mjomba wako,
Mativo


Umoja
24 Machi 1996

Mjomba,

Pokea salamu zetu. Mumo amesimama peke yake.

Barua yako ilinikuta nimekwisha kuwapa watoto sanduku. Hata ingewahi, sijui ningewaambiaje walifunge baada ya kanda zako zote za kuwafundisha kufungua.

Walipata karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya madawati, ile uliyoibandika mlangoni asubuhi ya mtihani. Mzee Nzomo wa stoo aliibandua akalijalidi nayo daftari lake la chaki. Ya pili ni orodha ya matokeo iliyotoka wizarani.

Ya kwanza alikuwa nayo Triza. Unamkumbuka; ndiye aliyekuuliza kwa barua kwa nini ramani haionyeshi harufu. Akapiga kelele, "Ticha! Mathe yangu yuko hapa! Everline Nabiswa, namba kumi na saba!"

Sikujua, Mjomba. Namfundisha mtoto tangu Januari, anatumia jina la baba yake, sikujua kwamba ni binti wa Everline niliyesoma naye. Darasa likashangilia. Wakaikimbilia karatasi ya pili kutafuta kumi na saba. Griffins akasoma kama mtangazaji wa mpira: "Kumi na saba! Pointi thelathini na nne kati ya thelathini na sita!" Makofi. Triza akapanda juu ya kiti.

Kisha Griffins akaisogeza karatasi karibu na macho. Triza akamnyang'anya karatasi, akasoma, akaniangalia.

"Ticha, kwani wewe ulikuwa na namba ya mathe?"

Kwenye matokeo, kumi na saba ni mimi. Everline ni kumi na nane, pointi kumi na tisa. Kwenye karatasi ya mlangoni, kwa mwandiko wako, Everline ndiye kumi na saba na mimi ndiye kumi na nane. Na karatasi za majibu, unajua kuliko mimi, tuliandika namba tu.

Niliwaambia kengele imelia. Haikuwa imelia.

Mjomba, niambie kuna karatasi ya tatu.

Wanza


Kilungu
5 Mei 1996

Mpwa wangu,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Nililazwa siku kumi na mbili, wakanitoa maji ya miguuni. Mvua ilinyesha nikiwa huko na mahindi ya mama yako sasa yanafika gotini. Mbuzi wake mweusi amezaa mapacha.

Jambo uliloandika ni hili. Fomu za wizara nilizijaza kwa mkono wangu, watoto arobaini, jina na namba, jina na namba, na shule ilikuwa bado haina karani. Namba mbili zinazofuatana zilipishana. Ni kalamu iliyoteleza, Wanza. Niligundua matokeo yalipokuja, na wakati huo mama yako alikuwa amekwisha kupiga vigelegele kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwangu. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu na ninalikiri: kunyamaza.

Umefundisha miaka minane na umefundisha vizuri. Mungu huweza kuitumia hata kalamu iliyoteleza. Waambie watoto karatasi ya mlangoni ilikuwa rasimu, mwendelee na kazi. Kanda ya sita na ya saba zimo humu.

Mjomba wako,
Mativo


Umoja
26 Mei 1996

Mjomba,

Nashukuru Mungu umerudi nyumbani, na nafurahi mvua imewafikia. Mumo anatembea; ameanza kwa kulifuata paka la jirani.

Niliwaambia watoto ni rasimu, kwa maneno yako yale yale. Griffins akainua mkono.

"Ticha, tumeicheki tena hiyo rasimu. Ukianza juu ni Agnes, Alfred, Batulo, unashuka hadi Zakayo, wote wamepangwa kwa alfabeti. Ni wawili tu wameharibu mstari. Mathe ya Triza angekuwa wa kumi na moja. Wewe ungekuwa wa thelathini na tisa." Akaikuna shingo. "Hapa alfabeti imelewa."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananitazama kama watu waliofika kwenye msiba wasijue pa kukaa.

Alasiri hiyo Triza aliichukua redio kaseti ya darasa, akaenda nayo Kariobangi, mahali mama yake anaposhonea. Karatasi ya kwanza, karatasi ya pili, kisha mtu. Sikumtuma. Lakini nilimwona akitoka na sikumzuia. Kanda aliyorudi nayo ni hii ninayokutumia. Isikilize mwenyewe, ila nikuandikie sehemu moja, usije ukaniambia redio yako ni mbovu:

"Mwalimu mkuu ndiye aliyenihamisha. Aliniambia, Everline, kaa hapa karibu na Wanza, umtie moyo. Namba yangu kumi na saba, niliichora kwenye rula kwa sindano ya baba. Nilimaliza karatasi zote nikabaki nimefunga mikono. Halafu nikaambiwa kumi na tisa. Unajua nilifikiri nini, Triza? Nilifikiri siku ile nilikuwa mgonjwa na sikujua. Mpaka leo huwa najiuliza ulikuwa ugonjwa gani." Hapo anacheka. "Ticha wako alikuwa rafiki yangu. Msalimie."

Anashona sare za shule. Sare zote za darasa langu kazishona yeye. Nimeshika kola zile kwa mikono yangu kila asubuhi, nikikagua usafi.

Nami nina langu, nikuandikie kabla sijakuuliza tena. Insha yangu haikufika nusu. Katika hesabu, maswali kumi na mawili nilichagua majibu nikiwa nimefumba macho. Uliposoma "Wanza, thelathini na nne" mbele ya shule, nilijua hazikuwa zangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikajua, na nikamla kuku uliyenichinjia. Kwa miaka kumi na sita sijakuuliza, kwa sababu niliogopa ungenijibu.

Sasa nakuuliza. Na usiniandikie tena habari za kalamu.

Wanza


Kilungu
30 Juni 1996

Wanza,

Mama yako hajambo, anakusalimu. Yuko chini ya kilima anakamua mbuzi na hajui ninachoandika. Ukurasa huu umenichukua siku nne. Daktari hanipi tena tarehe ya kurudi. Asema nije nikijisikia. Mwalimu mzee anaelewa maana ya mtoto kuambiwa asilete tena daftari lake lisahihishwe.

Nimemsikia Everline. Nilimfahamu kabla hajasema jina.

Kalamu haikuteleza.

Mwaka ule, mwezi wa Julai, mkaguzi alipitia alama za majaribio akaweka kidole kwenye jina lako. "Huyu wa thelathini na tano kati ya arobaini ni nani?" Nikamjibu simjui vizuri. Ulikuwa unalala kwangu, unakula mezani kwangu, nami nikasema simjui vizuri. Nilikuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa shule mpya, na huku kijijini walisema Mativo akifundisha jiwe litasoma. Tena nilikuwa nimemwahidi Ndindi, udongo wa kaburi la baba yako ukiwa bado mbichi, kwamba nitakufikisha sekondari.

Nikatafuta mtoto hodari wa kubadilishana nawe. Walikuwapo watatu. Mmoja baba yake alikuwa karani wizarani. Wa pili mama yake alikuwa muuguzi, mwanamke asiyekubali jibu la kwanza. Wa tatu alikuwa Everline. Baba yake, Job, alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, ametoka magharibi mwaka mmoja tu uliopita, hajui kusoma, hamjui mtu yeyote ofisini. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine, ya kukuandikia wewe, na haipo.

Niliwaweka dawati kwa dawati kwa makusudi, ili siku ikijulikana isemekane kwamba ni kalamu. Utetezi niliokuandikia mwezi wa Mei sikuutunga Mei. Niliutunga mwaka 1979, kabla ya kosa lenyewe, nikauweka tayari kama mtu anayejinunulia sanda. Orodha yangu niliichoma. Ya mlangoni nilipoirudia haikuwepo, nikadhani upepo. Sikumfikiria Nzomo, mtu asiyetupa karatasi.

Bado hujasoma lililo baya zaidi. Siku ya matokeo Job alikuja ofisini na buti zake za mpira, povu la kiwandani limekaukia juu yake. Hakunishtaki. Alivua kofia akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma, nisaidie. Huyu mtoto hakukosa hesabu hata moja mwaka mzima. Ana kasoro gani?"

Nikamwambia, "Wengine hung'ara darasani tu, mtihani ukija unawashinda. Usimlaumu. Mfundishe kushona."

Akanishukuru, Wanza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kanda iliyo humu ni ya Everline. Nimesema yote haya, kwa jina langu kamili. Mpelekee mwenyewe, usimtume mtoto. Karatasi zile mbili zibandike ukutani kama watoto walivyozipata. Mengine sina haki tena ya kukufundisha.

Mativo


Umoja
28 Julai 1996

Mjomba,

Mumo ana surua lakini inapoa. Mama asije sasa, safari ni ndefu. Hizo ndizo habari za nyumbani, nyingine sina.

Nilikwenda Kariobangi Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Kibanda cha Everline kimebanwa kati ya wagonga mabati wawili, ikabidi tuwaombe wapumzike. Alinifurahia, Mjomba. Alisema, "Wanza! Kumbe ukinenepa unafanana na watu!" Nikaiweka redio juu ya meza yake. Akasikiliza huku mguu unaendelea kwenye cherehani, kitambaa kinapita, sindano inapiga. Ulipofika kwa baba yake, mguu ukasimama. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Alipokuwa ameyasikia yale maneno ya kushona mara tatu, akaniuliza bila kugeuka:

"Wewe ulijua?"

"Nilijua alama si zangu. Sikujua zilikuwa za nani."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

Alinipiga kofi mbele ya wateja. Kisha akanisukumia stuli kwa mguu, akasema, "Kaa. Utaanguka uniharibie sare za watu." Tulikaa. Baba yake alikufa miaka mitano iliyopita. Asema hadi mwisho mzee alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwalimu mkuu mmoja alimshauri vizuri, kwa maana binti yake ana kazi ya mikono.

Siku ya Wazazi ilikuwa juzi. Karatasi zote mbili zilikuwa ukutani, na chini yake Triza alikuwa ameandika: "Karatasi hizi mbili hazikubaliani. Tumewatafuta watu." Bwana Nyongesa alitaka kuzibandua. Griffins akasimama mbele yake, "Sir, gundi bado mbichi, itakuchafua," na kabla hajajibu mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wazazi. Nilisema jina langu, nikasema mimi ndiye namba kumi na nane. Nikasema kumi na saba ni nani na yuko wapi. Ukumbi wote ukageuka nyuma, alipokaa Everline. Mtu mmoja alisema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini, ikasikika hadi mbele. Hakuna aliyepiga makofi, wala sikutarajia.

Kesho naitwa ofisi ya elimu. Nyongesa mwenyewe aliileta barua, akanipa bila kuniangalia, akasema, "Ule ukuta, Mwalimu, ulikuwa kazi nzuri." Sijui kama nitarudi darasani.

Everline ameomba nikurudishie kanda yako. Upande wa pili amerekodi yeye. Sijausikiliza.

Wanza


Kilungu
11 Agosti 1996

Wanza,

Mpake Mumo maji ya mwarobaini, na madirisha yawe wazi.

Nilimsomea mama yako barua zote, zako na zangu. Aliitoa ndani ya Biblia yake ile karatasi ya pointi thelathini na nne, akaifunga kwenye pindo la leso, akashuka kilima. Asubuhi huja bado na uji. Anauacha mlangoni na kuondoka. Naunywa hivyo hivyo.

Upande wa pili nimeusikiliza mara moja. Kwanza ni kelele za mabati, muda mrefu, nikadhani hakurekodi kitu. Kisha anasema: "Mwalimu, nimekusikia. Sikusamehe leo. Kanda ya nane haijafika na watoto wanaisubiri. Mwakani Triza anafanya mtihani wa darasa la nane, na mimi nitaufanya pamoja naye, nimeshauliza, wanakubali watu wazima. Kwa hiyo fundisha haraka." Mabati tena. Halafu: "Na safari hii fomu nitaijaza mwenyewe."

Kanda ya nane imo humu. Mpe Everline na darasa, uwe bado mwalimu wao au usiwe. Ni fupi, pumzi hazikutosha. Nimewafundisha namna ya kujaza fomu ya mtihani: kila mtu aandike jina lake na namba yake kwa mkono wake, kwa wino, kisha asimame aisome kwa sauti, na aliye jirani yake aitazame karatasi mpaka aridhike.

Mwalimu asiishike.

Mativo